Namna ya Kusikiliza Rekodi za Zamani za Koncheto za Piano

Ukitaka kuzijua rekodi kubwa za koncheto za piano, ziweke kando kwanza zile orodha za "mia moja bora". Chukua koncheto moja, itafute kwa wapigaji wawili au watatu, kisha kaa na dakika mbili zake za mwanzo mpaka uweze kuwatofautisha kwa sikio tu. Mimi humwanzishia kila mtu kwa Koncheto ya Pili ya Sergei Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Ngamiani, Tanga, na kila spika inayotoka kwenye benchi langu huipima kwa muziki huo kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Una besi nzito, una filimbi laini, una fidla nyingi kwa pamoja, kwa hiyo spika yenye hitilafu haina pa kujificha. Nimeusikia kwa miaka mingi namna hiyo, na bado kuna mahali ukifika naweka chini chuma cha kuchomea nisikilize.

Koncheto ni muziki ulioandikwa kwa ajili ya mpigaji mmoja na okestra nzima, aghalabu katika sehemu tatu: ya kwanza ndefu yenye mabishano, ya pili ya taratibu, ya tatu ya mbio. Aliyezoea taarabu hatapata tabu, maana kazi yote imo katika kujibizana: nani anaongoza, nani anaitikia, na lini mmoja anampisha mwenzake.

Hii ya Rachmaninoff ilikamilika mwaka 1901. Miaka minne kabla, simfonia yake ya kwanza, yaani muziki mrefu wa okestra, ilikuwa imepigwa vibaya na kuandikwa vibaya zaidi magazetini, na kijana wa watu akashindwa kutunga kwa muda mrefu. Daktari mmoja wa Moscow, Nikolai Dahl, ndiye aliyemtibu, na koncheto hii Rachmaninoff aliitoa kwa jina la daktari huyo. Naitaja habari hii kwa sababu inasaidia kuelewa ule mwanzo.

Mwanzo ni piano peke yake. Zinapigwa kodi nane, yaani mara nane vidole vinabonyeza noti nyingi kwa pamoja, na kila baada ya kodi inaanguka noti moja nzito kutoka chini kabisa ya piano. Ya kwanza inakuja kwa sauti ya chini sana. Zinapanda moja baada ya nyingine, hadi kinapofunguka kitu kama mlango wa bahari, na hapo fidla zote zinaingia na wimbo wenyewe, chini, kwa sauti nene, piano ikikimbia mikononi kwa kusindikiza.

Sasa tafuta rekodi mbili. Ya kwanza ni ya Rachmaninoff mwenyewe, 1929, pamoja na okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Leopold Stokowski. Ya pili ni ya Sviatoslav Richter, iliyorekodiwa Warsaw mwaka 1959, kiongozi wa okestra akiwa Stanisław Wisłocki. Zote mbili zinapatikana mtandaoni bila shida. Hiyo ya Richter usiisikilize mara moja ukaondoka. Piga kodi nane za Richter, rudi kwa Rachmaninoff, kisha kwa Richter tena.

Richter anachelewa. Anakuachia kodi mpaka unajiuliza kama ipo nyingine inayokuja, na inapokuja ina uzito zaidi ya ulioutegemea. Rachmaninoff hana muda wa kukutisha. Anazipanga kodi zake kama mtu anayesoma sentensi aliyoiandika mwenyewe na anajua inaishia wapi, na fidla zinapoingia yeye hapunguzi mwendo hata kidogo. Sehemu ya kwanza yote anaimaliza chini kidogo ya dakika 10. Richter anapita dakika 11. Mtu anayesikia hivyo huuliza yupi yuko sahihi, na wengi hukimbilia kusema mtunzi ndiye mwenye haki. Mimi siafiki. Kilichoandikwa kwenye karatasi kinawaruhusu wote wawili, na Richter amekiona ndani yake kitu cha kweli: mtu aliyekaa kimya miaka, anaanza kusema.

Ukirudia mara ya tatu, jiulize swali hili: ile noti nzito ya chini ni mwisho wa kodi iliyopita, au ni mwanzo wa inayofuata? Kwa Richter mimi naisikia kama mwisho, kila kodi imefungwa peke yake. Kwa Rachmaninoff naisikia ikiisukuma inayofuata. Huenda wewe ukasikia vingine, na ni sawa. La muhimu ni kwamba sasa unasikiliza noti moja kati ya maelfu na una maoni juu yake. Masikio yakishafika hapo, rekodi yoyote utakayoletewa itakupa kitu.

Halafu nenda sehemu ya pili. Fidla zinafungua, piano inaanza kuzunguka noti zake polepole, filimbi inaleta wimbo na klarineti, chombo kingine cha kupuliza, inaupokea. Usimfuate mwenye wimbo. Mfuate mpiga piano, ambaye kwa wakati huo ni msindikizaji tu. Hapa ndipo utamjua bwana mkubwa. Rachmaninoff alikuwa na mikono mikubwa iliyosifika dunia nzima, angeweza kuifunika klarineti hiyo kama angetaka, lakini anapiga kwa namna ya kumwekea mwenzake mkeka akae. Na bado kila noti yake inasikika.

Ukiwa na hamu ya rekodi ya tatu, ongeza Arthur Rubinstein na okestra ya Chicago chini ya Fritz Reiner, 1956. Ni stereo, yaani sauti ya spika mbili zinazotofautiana, ya siku za mwanzo kabisa, na wimbo wake una joto ambalo hao wawili hawana.

Wengi wanakwama kwenye kelele. Mtu anafungua rekodi ya 1929, anasikia mkwaruzo, anafunga. Ukijua kelele hiyo inatoka wapi haitakusumbua tena. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri kubwa ulibeba dakika nne hivi, tano kwa shida. Kabla ya 1925 hakukuwa na maikrofoni katika kazi hii: wapigaji walijibana mbele ya pembe, na sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano kuchora. Besi ya piano ilipotea, na noti za juu nazo zilipotea. Maikrofoni ilipoingia mwaka huo piano ikaanza kufanana na piano. Mkanda wa sumaku uliingia studio mwishoni mwa miaka ya 1940, santuri ndefu ikafuata mwaka 1948, na santuri za stereo zikafika madukani mwaka 1958.

Kabla ya mkanda hakukuwa na kukata na kuunga. Koncheto ya nusu saa iligawanywa vipande vya dakika nne nne. Okestra inapiga, inasimama, inaanza tena pale ilipoishia. Ukikosea, unarudia upande mzima au unaliacha kosa libaki. Ndiyo maana katika koncheto za Beethoven alizorekodi Artur Schnabel London miaka ya 1930, na Malcolm Sargent akiongoza, utasikia noti zilizokosewa waziwazi. Schnabel alikataa kurekodi kwa miaka mingi kabla ya hapo. Makosa hayo yasikuzuie. Sikiliza anavyoendesha mstari mrefu wa sehemu ya taratibu katika koncheto ya nne, ambako fidla zote kwa pamoja zinanguruma kwa ukali na piano inazijibu kwa upole, mara baada ya mara, mpaka ukali unaisha. Wapo watu leo wanaoipiga bila kukosea noti hata moja na hawafiki alipofika yeye.

Sasa mambo ya kifundi, ambayo watu hunijia kuuliza.

Zima kila kitu kinachoongeza besi au "kusafisha" sauti kwenye simu au redio yako. Mkwaruzo wa santuri na mng'ao wa piano vinakaa jirani, huko juu. Ukiukata mmoja umeukata na mwingine, na piano inabaki kama imefunikwa blanketi. Kwa sababu hiyohiyo, ukikuta rekodi moja ya zamani imewekwa mtandaoni mara tano, chagua yenye mvumo kidogo badala ya ile iliyo kimya kabisa. Wapo mafundi waliojitolea maisha yao kuhamisha santuri hizi kwa uangalifu, kama Ward Marston na Mark Obert-Thorn. Ukiona jina la mmoja wao, chukua hiyo.

Rekodi za kabla ya stereo zisikilize kwa mono. Simu nyingi zina mahali pa kuwasha sauti ya mono, kwenye mipangilio ya usaidizi kwa watu wenye ulemavu wa kusikia. Iwashe. Muziki wa santuri ya mono uko sawa pande zote mbili, lakini sehemu ya kelele haiko sawa, na pande zinapochanganywa kelele inapungua bila muziki kuguswa. Jihadhari pia na santuri za miaka ya 1960 ambazo kampuni zilizigeuza mono kuwa stereo ya bandia: piano inatapakaa, huioni imekaa wapi.

Punguza sauti kidogo kuliko unavyozoea, kisha vumilia dakika tatu. Sikio huuacha mvumo lenyewe kama lilivyouacha mvumo wa feni ya chumbani.

Soma pia maandishi ya rekodi kwa makini: mpigaji, kiongozi, okestra, mwaka. Jina la mpigaji halitoshi. Vladimir Horowitz alirekodi Koncheto ya Tatu ya Rachmaninoff mwaka 1930 na Albert Coates, 1951 na Fritz Reiner, na 1978 jukwaani na Eugene Ormandy, na hao ni kama Horowitz watatu. Wa 1930 anapita kama upepo. Wa 1978 ni mzee wa miaka 74 anayefanya apendavyo, anachelewesha hapa, anaupiga piano kofi pale, na ukumbi unamfuata. Wilhelm Kempff naye ana Beethoven wa mono wa 1953 na wa stereo wa 1961. Mtu akikuambia "sikiliza Kempff", muulize yupi.

Ipo habari moja inayowafaa wote wanaosikiliza kwa kufuata majina. Mpiga piano Dinu Lipatti alizaliwa Bucharest mwaka 1917 na akafariki Geneva Desemba 1950, miaka 33 tu, kwa saratani iliyomtafuna muda mrefu. Aliacha rekodi chache, na karibu kila moja ni johari. Koncheto ya Grieg aliirekodi London mwaka 1947 na Alceo Galliera, ya Schumann mwaka 1948 na Herbert von Karajan. Kwa kuwa rekodi zake ni chache, ilipotolewa miaka ya 1960 Koncheto ya Kwanza ya Chopin kwa jina lake, watu waliipokea kwa shukrani na kuisifu. Mwaka 1981 ikabainika kuwa mpigaji hakuwa Lipatti hata kidogo. Alikuwa Halina Czerny-Stefańska wa Poland, katika rekodi ya zamani na okestra ya Czech. Baadaye ilipatikana Chopin ya Lipatti kweli, aliyoipiga Zurich Februari 1950.

Watu husimulia habari hii kwa kuwacheka waliodanganyika. Mimi naona walisikia vizuri. Czerny-Stefańska alikuwa mshindi mwenza wa shindano la Chopin la Warsaw mwaka 1949, na upigaji wake ulistahili kila sifa iliyoandikwa. Kilichokosekana ni jina lake juu ya jalada. Kwa hiyo jizoeze kusikiliza bila kujua: mpe mwanao au jirani simu, achague rekodi tatu za mwanzo wa Grieg bila kukuonyesha, na wewe useme unachosikia. Mwanzo huo ni mzuri kwa zoezi hili, ngoma inavuma, kisha piano inaporomoka kutoka juu hadi chini kwa mara moja. Lipatti anaporomoka bila kelele za kujionyesha, na noti ya mwisho ya chini ina uzito uleule wa ya kwanza ya juu. Ukishaijua alama hiyo utamtambua hata gizani.

Kwa sehemu za taratibu, mwalimu ni Ravel, mtunzi wa Ufaransa. Koncheto yake ya G ilipigwa kwa mara ya kwanza Paris Januari 1932, na Marguerite Long kwenye piano. Sehemu ya pili inaanza na piano peke yake kwa karibu dakika tatu, bila msaada wa mtu. Mkono wa kushoto unapiga mwendo mmoja usiobadilika, wa kulia unaimba wimbo mrefu ambao haupumziki pale unapotarajia upumzike. Tafuta Arturo Benedetti Michelangeli, London 1957, Ettore Gracis akiongoza. Sikiliza mikono yake: mara nyingi wa kushoto unatangulia kidogo sana, na wa kulia unafuata. Wengine wanaiita tabia ya kizamani. Kwangu ndiyo inayofanya wimbo uelee juu ya mapigo badala ya kufungwa nayo. Baadaye wimbo unachukuliwa na obo kubwa, chombo cha ukoo mmoja na nzumari yetu, chenye tete mbili mdomoni, na piano inabaki kuufuma kwa noti ndogondogo. Usipoweka kando shughuli nyingine hapa, utaikosa.

Kisha msikilize Martha Argerich akiipiga koncheto hiyohiyo Berlin mwaka 1967 na Claudio Abbado. Sehemu ya taratibu ni nzuri, lakini mimi namrudia Argerich kwa zile mbili za mbio. Vidole vyake vina njaa.

Mozart nitamtaja kwa ufupi, kwa kuwa ukishafika hapa hutahitaji kushikwa mkono. Clara Haskil alirekodi koncheto zake namba 20 na namba 24 mjini Paris, Novemba 1960, na Igor Markevitch. Mwezi uliofuata akafariki baada ya kuanguka kwenye kituo cha treni Brussels. Katika namba 20 subiri mahali okestra inaponyamaza na piano inabaki peke yake kabla ya mwisho wa sehemu ya kwanza. Hapo panaitwa kadensa. Mozart hakuacha maandishi ya kadensa ya koncheto hii. Beethoven aliiandikia moja, na wengi hupiga hiyo. Kila ukipata rekodi mpya ya namba 20, kimbilia hapo kwanza uone mpigaji amechagua nini.

Rekodi za jukwaani zina tabia zake. Watu wanakohoa, viti vinalia, na wakati mwingine historia yenyewe inaingia kwenye maikrofoni. Hata nje ya jukwaa hutokea: Walter Gieseking alirekodi Koncheto ya Tano ya Beethoven katika studio ya redio Berlin, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, kwa stereo ya majaribio, na pale muziki unapotulia husikika mizinga ya kutungulia ndege. New York, Aprili 1962, Leonard Bernstein aligeukia watu kabla ya Koncheto ya Kwanza ya Brahms na kuwaeleza kwamba hakubaliani na namna Glenn Gould anavyotaka kuipiga, kisha akainua fimbo yake na kuiongoza vilevile alivyotaka Gould. Hotuba hiyo ipo kwenye rekodi. Isikilize, kisha usikilize Brahms yenyewe mpaka mwisho, maana wengi wanaijua hotuba na hawajawahi kumsikia Gould akifika sehemu ya pili.

Brahms huyohuyo ndiye ninayemshauri kwa yeyote aliyemaliza Rachmaninoff, na kuna njia nzuri ya kumwingia: kiongozi mmoja, wapigaji wawili. George Szell aliongoza koncheto hii mwaka 1958 na okestra yake ya Cleveland, Leon Fleisher akiwa kwenye piano, kijana bado, miaka michache kabla ya mkono wake wa kulia kumgomea. Mwaka 1962 akairudia London na Clifford Curzon. Okestra ndiyo inayoanza, kwa ngurumo ya timpani, zile ngoma kubwa za okestra, na fidla zenye hasira, na piano haigusi kitu kwa dakika kadhaa. Inapoingia, inaingia kwa upole kana kwamba haikusikia ugomvi wote ule. Fleisher anaingia akiwa na jibu tayari. Curzon anaingia akifikiri. Rekodi ya London ilifanyika Kingsway Hall, ukumbi uliokuwa juu ya njia ya treni za chini ya ardhi, na katika rekodi nyingi za ukumbi ule spika yenye besi nzuri hutoa mtikisiko wa treni ikipita. Wateja wangu wakiusikia hudhani spika bado mbovu. Ukikutana nao kwenye rekodi yako, usiguse chochote.